Ajali za ndege za kivita za zamani katika maonyesho

Ndege za kivita za zamani ni zile zilizoundwa kwa ajili ya majeshi, zikastaafishwa, kisha zikaangukia mikononi mwa watu binafsi, makumbusho na vyama vya wapenzi wa ndege. Wengi hudhani hatari yake ni uchakavu tu. Mara nyingi hatari kubwa zaidi ni kimo: ndege hurushwa chini chini ili watazamaji waione vizuri, na kosa ambalo juu angani lingerekebishika, huku chini halina nafasi ya kurekebishwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Shoreham, kusini mwa Uingereza. Tarehe 22 Agosti 2015, jeti ya Hawker Hunter iliyoundwa mwaka 1955 ilianza kupiga kitanzi, yaani kupanda, kulala chali na kushuka tena. Iliingia kwa kasi ya takriban kilomita 570 kwa saa badala ya 650, na wakati wa kupanda injini haikupewa nguvu zote. Kileleni ilifika futi 2,700, ilhali kima cha chini kilichotakiwa kilikuwa 3,500. Kwa sekunde chache bado ilikuwapo nafasi ya kuacha mchezo huo. Rubani aliendelea kushuka, na jeti ikaangukia barabara kuu ya A27. Walikufa watu 11, wote nje ya uwanja wa maonyesho, rubani alinusurika. Baada ya ajali hiyo, mwaka 2015, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilizizuia jeti za zamani kufanya sarakasi juu ya nchi kavu: ziliruhusiwa kupita tu.

Umri nao una sehemu yake. Vipuri havitengenezwi tena na chuma huchoka. Katika Hunter ile, ambayo ilitii usukani hadi mwisho, baruti za viti vya kujirusha zilikuwa zimepita muda wake, hatari nyingine kwa waokoaji.

Hatari nyingine ni ndege kugongana. Tarehe 12 Novemba 2022, katika maonyesho mjini Dallas, Marekani, ndege mbili za enzi ya Vita Kuu ya Pili, B-17 na P-63, ziligongana angani na kuua watu 6. Hazikuwa zimepangiwa vimo tofauti kabla ya kuruka. Marubani waliachiwa macho yao wenyewe, na maumbo ya ndege hizo, pamoja na njia zilizopitia, yalipunguza uwezo wao wa kuonana.