Tabasamu na Chupa ya Soda: Upokezi wa Msimu wa Mwisho wa Mad Men, 2014–2015

Tarehe 17 Mei 2015, tamthilia ya runinga ya Marekani iitwayo Mad Men ilifikia tamati baada ya vipindi 92 vilivyoonyeshwa katika misimu saba tangu Julai 2007. Watazamaji wapatao milioni 3.3 walikuwa mbele ya runinga zao usiku huo. Walichokiona mwishoni ni hiki: Don Draper, mtu aliyeitoroka kazi yake katika kampuni ya matangazo ya biashara jijini New York, ameketi kwenye nyasi juu ya bahari ya California pamoja na wageni wengine waliokwenda huko kutafuta utulivu wa nafsi. Amefumba macho. Kengele ndogo inalia, na tabasamu linamchipuka usoni. Papo hapo panaingia tangazo halisi la Coca-Cola la mwaka 1971, ambamo vijana wa mataifa mbalimbali wanaimba mlimani, kila mmoja na chupa yake mkononi. Hadithi inaishia hapo.

Mabishano yalianza usiku uo huo. Wapo waliosema kwamba Draper hatimaye alikuwa amejipata, na kwamba tangazo lilikuwa ushahidi wa amani yake. Wapo waliosema kwamba hakujipata kamwe. Alichokipata ni wazo jipya la kuuza soda, na hata machozi aliyoyamwaga siku hiyo yalikuwa malighafi tu. Mwigizaji Jon Hamm mwenyewe alieleza baada ya kipindi kuonyeshwa kwamba mhusika wake alitambua wakati huo yeye ni nani, na kwamba yeye ni mtu wa matangazo. Kauli hiyo haikuumaliza ubishi, maana kila upande uliichukua kuwa inauunga mkono.

Mabishano hayo yameelezwa mara nyingi kuwa ni tofauti kati ya watazamaji wenye moyo mwepesi na watazamaji wenye tabia ya kushuku kila jema. Maelezo hayo hayatoshi. Makala haya yanashikilia kwamba suala la msingi katika upokezi wa msimu huu ni namna watazamaji walivyoitumia historia kuwa ufunguo wa kusomea kazi ya kubuni, na mahali hasa walipoacha kuitumia.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alisisitiza kwamba msomaji haikabili kazi akiwa mtupu. Huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma kabla. Upeo wa watazamaji wa Mad Men unaweza kuchorwa kwa usahihi usio wa kawaida. Mtunzi wake, Matthew Weiner, aliwahi kuwa mmoja wa waandishi wa The Sopranos, tamthilia iliyokatika ghafla kwa skrini nyeusi tarehe 10 Juni 2007 na kuwaacha watu wakibishana kama shujaa ameuawa au la. Mad Men ilianza kuonyeshwa wiki chache tu baadaye. Halafu Breaking Bad, iliyoonyeshwa na kituo kile kile cha AMC, ilikwisha mwezi Septemba 2013 kwa kulipa kila deni la hadithi, shujaa akilala maiti sakafuni. Kwa hiyo mtazamaji wa mwaka 2014 alikuwa na mifano miwili ya miisho, na yote miwili ilihusu kifo. Tena kila kipindi cha Mad Men kilifunguliwa kwa picha ya kivuli cha mwanamume aliyevaa suti akiporomoka kutoka ghorofani katikati ya mabango ya matangazo. Si ajabu basi kwamba wengi walimsubiri Draper aanguke.

Lakini kulikuwa na jambo zaidi ya hilo. Tamthilia ya kihistoria ina matini mbili: ile iliyoandikwa na mtunzi, na kalenda ambayo mtazamaji anaijua tayari. Wasikilizaji wa Utendi wa Liyongo wanajua kabla ya ubeti wa kwanza kwamba Liyongo atachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe. Taharuki yao haimo katika litakalotokea bali katika namna litakavyokuja. Mad Men iliwafundisha watazamaji wake kusoma hivyo hivyo. Katika msimu wa tatu, mwaka 2009, kadi ya arusi ya binti wa Roger Sterling ilionyesha tarehe 23 Novemba 1963, na kila aliyejua kwamba Rais Kennedy aliuawa tarehe 22 alianza kuhesabu siku. Arusi ilifika, na msiba ukafika nayo. Mtazamaji alilipwa kwa kuijua historia.

Kuanzia hapo kila tarehe ikawa ishara. Mwaka 2013, Megan, mke wa pili wa Draper, alivaa fulana yenye nyota inayofanana na ile aliyoivaa mwigizaji Sharon Tate katika picha ya gazeti. Tate aliuawa huko Los Angeles tarehe 9 Agosti 1969 na wafuasi wa Charles Manson. Msimu wa saba ulipoanza mwezi Aprili 2014, Megan alikuwa akiishi katika vilima vya jiji hilo hilo na hadithi ilikuwa imefika Januari 1969. Watazamaji waliyaunganisha mambo. Kila mbwa-mwitu aliyelia usiku nje ya nyumba yake ulihesabiwa kuwa ni dalili.

Jibu la watunzi linastahili kuangaliwa kwa makini. Nusu ya kwanza ya msimu ilikomea tarehe 20 Julai 1969, usiku ambao binadamu alikanyaga mwezi. Watazamaji wakangoja miezi kumi. Nusu ya pili ilipofunguliwa tarehe 5 Aprili 2015, hadithi ilikuwa tayari katika Aprili 1970. Agosti 1969 ilikuwa imerukwa, imezikwa katika pengo kati ya nusu mbili, na Megan alikuwa hai, akidai talaka. Hata usiku wa mwezi wenyewe haukutumiwa kama ilivyodhaniwa. Aliyekufa usiku huo ni mzee Bert Cooper, kwa utulivu, nyumbani kwake, kisha akamtokea Draper ofisini akiimba na kucheza dansi pamoja na makarani. Watazamaji vijana waliona kituko. Wazee walimwona Robert Morse, ambaye mwaka 1961 alikuwa nyota wa jukwaa la Broadway katika mchezo wa kuchekesha kuhusu kupanda cheo ofisini, akiagana na hadhira ile ile iliyomjua katika ujana wake. Jambo moja lilionwa kwa macho ya vizazi viwili.

Utabiri haukukoma. Draper alipouacha mkutano wa McCann-Erickson huku akitazama ndege dirishani, wengine walikumbuka kwamba mwezi Novemba 1971 mtu aliyeitwa D. B. Cooper aliteka ndege, akapewa dola 200,000, akaruka kwa parachuti na hakuonekana tena. Nadharia hii ilikuwa na ucheshi wake, na haikukosa akili: mtu anayeishi kwa jina lililoibwa, amefanya kazi chini ya mtu aitwaye Cooper, anatoweka hatua kwa hatua. Kasoro yake ni ile ya utabiri wote wa namna hii. Ulitafuta kifo katika magazeti ya wakati ule na kuisahau kazi iliyokuwa ikifanywa ofisini mbele ya macho ya wote.

Kifo kilipobisha hodi, tarehe 10 Mei 2015, kilikuwa kinamjia Betty, mke wa kwanza, aliyegunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Hakuna kalenda iliyokitangaza. Kilikuwa kimetangazwa na kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 2007, ambapo Draper anatafuta maneno ya kuuzia sigara baada ya madaktari kusema zinaua, na anayapata. Betty alivuta sigara kwa misimu saba bila mtazamaji kuhesabu. Huzuni iliyofuata ilichanganyika na aibu kidogo, kwani ilikuwa wazi kwamba ishara haikufichwa; ilizoeleka. Fauka ya hayo, hadithi inakoma majuma machache tu kabla ya tarehe 2 Januari 1971, siku ambayo matangazo ya sigara yalipigwa marufuku katika redio na runinga za Marekani. Hilo ndilo tukio la historia lililoihusu ofisi hii kuliko mauaji yoyote ya Los Angeles, na halikutabiriwa na mtu.

Upokezi wa kipindi cha tarehe 3 Mei unaonyesha uteuzi wa namna nyingine. Katika kipindi hicho kampuni ndogo imemezwa na McCann, na wanawake wawili wanaingia katika jengo jipya. Peggy Olson anatembea ukumbini amevaa miwani ya jua, sigara mdomoni, mchoro wa Kijapani wa mwanamke na pweza kwapani. Joan Harris anadhalilishwa na mwanamume aliyepewa kushirikiana naye, anakwenda kwa mkuu, anatishia kuwaita watetezi wa haki na Betty Friedan, na mwisho anaondoka na nusu ya fedha alizostahili. Picha ya Peggy ilisambazwa kila mahali ikawa nembo ya ushindi. Ya Joan ilizungumzwa kwa hasira, kisha ikaachwa. Hata hivyo, kwa mizani ya mwaka 1970, ambapo mwezi Machi wanawake wa jarida la Newsweek waliwasilisha mashtaka ya ubaguzi dhidi ya mwajiri wao, mandhari ya Joan ndiyo yenye uzito wa hati. Mwezi Novemba 2017 mandhari hayo yalirudi kwa ukali, pale mwandishi mwanamke aliyewahi kupokea tuzo ya Emmy pamoja na Weiner alipomtuhumu kwa kumtamkia maneno ya udhalilishaji kazini. Weiner alisema hakumbuki kutamka maneno hayo wala si mtu wa kuyatamka. Waliokitazama tena kipindi kile baada ya hapo hawakuweza kukitenga na chumba kilimoandikwa.

Na tangazo je? Hapa ndipo watazamaji waliokwisha kuzoea kusoma kwa tarehe na fulana walipoiweka historia kando. Walijua kwamba tangazo ni halisi. Wakali wa macho waligundua hata kwamba msichana wa mapokezi kule California alikuwa na nywele zilizosukwa na kufungwa utepe kama mwimbaji mmoja wa kilimani. Magazeti yalisimulia upya kisa cha Bill Backer, mkuu wa ubunifu wa McCann-Erickson katika kazi ya Coca-Cola, ambaye mwezi Januari 1971 alikwama kwa ukungu katika uwanja wa ndege wa Shannon, Ireland, akawaona abiria waliokuwa na hasira jana yake wakicheka pamoja juu ya chupa za soda. Kisa hiki kilisomwa kama kioja cha pembeni. Swali lililotawala lilibaki moyoni mwa Draper: je, tabasamu lile ni la kweli?

Weiner alichangia kuliweka swali hapo. Katika mazungumzo ya hadhara kwenye Maktaba ya Umma ya New York mwezi huo wa Mei, alisikitikia wale waliolidhihaki tangazo, akalisifu kuwa kazi bora, na kukumbusha kwamba miaka mitano tu kabla yake weusi na weupe hawangeweza kuonekana pamoja katika tangazo. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini inafungua mlango ambao si yeye wala wabishi wake waliouingia. Wimbo wa tangazo lile haukutungwa na mtu mmoja aliyeketi nyasini. Ulitungwa na Backer pamoja na Waingereza wawili, Roger Cook na Roger Greenaway, na mtu wa nne, Billy Davis, mtunzi na mtayarishaji Mwafrika-Mmarekani kutoka Detroit aliyekuwa mwajiriwa wa McCann-Erickson. Yaani katika jengo lile lile ambalo tamthilia inalichora kuwa ngome ya wanaume weupe, mtu mweusi alikuwa kazini, na sauti inayofunga vipindi 92 kwa sehemu ni yake. Davis alikwisha kufariki mwaka 2004.

Ikumbukwe kwamba tamthilia hii ilikwisha kuwafundisha watazamaji wake kuuliza kazi ni ya nani. Mwaka 2010, Draper alipopata tuzo ya Clio kwa tangazo lililotokana na wazo la Peggy, walioitazama waligawanyika kwa miezi. Miaka mitano baadaye wapo wachache waliodai kwamba hata tangazo la Coca-Cola lazima Peggy ndiye aliyeliandika, maana yeye ndiye aliyebaki McCann. Walikaribia. Waliligusa suala la umiliki wa kazi, ila wakalirudisha ndani ya orodha ya wahusika wa kubuni.

Katika kipindi cha tarehe 3 Mei, kabla ya Peggy kuingia ukumbini na pweza wake, kuna mandhari mafupi ambayo hayakupata nafasi kubwa katika uhakiki wa majuma hayo. Shirley, katibu mweusi, anamwaga Roger Sterling. Hatakwenda McCann; amepata kazi katika kampuni ya bima. Anamweleza mzee huyo kwa upole kwamba biashara ya matangazo si mahali ambapo kila mtu anajisikia nyumbani. Sterling anamsikiliza kwa heshima, wanaagana, na Shirley haonekani tena.