Taya Lisilo na Meno

Mwenye kutoka Nachingwea, akapita Ruangwa na kushika kaskazini-mashariki, hufikia kilima cha Tendaguru, ambako baina ya mwaka 1909 na 1913 wenyeji wa kusini, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, waliwafukulia Wajerumani mifupa ya dinosaria, wakaichukua kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Katika shehena ile iliyozidi tani 200 lilikuwamo taya moja dogo, la yapata miaka milioni 150, ambalo mtaalamu wa visukuku Dietrich alilipa jina Brancatherulum mwaka 1927, kwa heshima ya Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya jiolojia na paleontolojia ya Berlin. (Boheti alingoja hadi 2007, akapewa dinosaria wa jina lake.) Kwamba ni la mamalia ilikuwa dhahiri, maana taya la chini la mamalia ni mfupa mmoja, hali la mtambaazi huungwa kwa mifupa kadhaa, lakini nasaba husomwa katika ncha za magego, na magego yenyewe yalikwisha kung'oka, yakabaki matundu. Mwaka 1998 mtaalamu mwingine, Heinrich, akabainisha mamalia wengine wawili wa Tendaguru: Tendagurodon, kwa gego moja tu, ushahidi ambao kadhi mwingine angeukataa, na Tendagurutherium, kwa kipande cha taya chenye gego lililovunjika.