Boriti ya baraza: kutoka Pwani mpaka kwetu Baraka



Mvua za mwisho zilipokaribia kuisha, boriti ya baraza ya mama yangu hapa Baraka ilipasuka kwa urefu wake, ikafunguka kama kitabu. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mama alikuwa ameingia ndani kutafuta chenji ya muteja wa unga. Na nisiseme uongo: ile boriti ni mimi nilimwambia fundi aitengeneze. Niliona kwenye simu nyumba za Ulaya zenye boriti za mbao zilizounganishwa kwa gundi, nikasema hata sisi tunaweza. Tulichukua madriye mbili za mukaratusi, tukatia kole nyeupe, tukapiga misumari, tukapaka vidanji. Ilidumu misimu miwili tu ya mvua.

Tangu siku ile natafuta kujua: akili ya kuunganisha mbao ilitoka wapi, na sisi tulikosea wapi?

Tuanzie kwa wazee wetu. Lubunga la Babembe, pale wanaume wanapokaa kuamua mambo, lilisimama juu ya miti mizima, na paa la nyasi likashuka chini kufunika vichwa vya miti. Mvua haikugusa boriti. Watu wa Pwani nao walikuwa na dawa yao. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba: karibu mita 2.5 mpaka 3, basi. Miti hiyo, mingi ikitoka delta ya Rufiji, ilipakiwa majahazini mpaka Uarabuni na Ghuba. Mwaka 1858, Burton na Speke walipopita Ubwari wakidhani ni kisiwa, wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu. Kiswahili chao kikavuka maji, na leo kila fundi wa Baraka anasema boriti, anasema baraza.

Ulaya walifika kwenye kuunganisha kwa sababu ya shida. Mwaka 1561 Mfaransa Philibert de l'Orme alitoa kitabu cha kuonyesha jinsi ya kujenga mapaa kwa vipande vifupi vya mbao, kwa kuwa miti mikubwa ilikuwa imekuwa haba na ghali. Katika miaka ya 1820, Kanali Emy, Mfaransa pia, alipinda mbao nyembamba, akazilaza moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa buloni na vyuma. Gundi ilikuja kushika kazi kwa Otto Hetzer wa Weimar, Ujerumani, aliyepata hataza ya boriti za kupinda zilizogundishwa mwaka 1906.

Lakini gundi za wakati ule, kama ile ya kazeini inayotoka katika maziwa, zilitaka mahali pakavu. Boriti ya gundi ilikuwa kitu cha ndani ya nyumba. Ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege na mashua za mbao zilipohitaji gundi isiyoogopa maji, ndipo gundi ya resosino ilipoenea. Hapo boriti ikaweza kutoka nje.

Faida yake ni hesabu ya kawaida. Mbao mbili zikilaliana tu, zinabeba mzigo wa mbao mbili. Zikishikana kabisa kama kitu kimoja, zinabeba mzigo wa nne, na ugumu wa kutopinda unafika mara nane. Lakini zikiachana, umerudi kwenye mbili. Ndicho kilichotupata. Kole yetu ni ya viti vya ndani, maji yanailegeza. Na mbao zetu zilikuwa mbichi, wakati viwandani wanazikausha mpaka unyevu wa asilimia 12 hivi kabla ya kugundisha. Zilipokauka juani zilijikunja, kila moja upande wake. Vidanji haikuweza kuzuia hilo.

Sasa fundi ananiambia: "Leta muti mukubwa mumoja wa juu kule, mambo yaishe." Juu kule ni upande wa Itombwe, ambako hifadhi iliundwa mwaka 2006. Mimi niliyesomea agronomia, nitaenda kuwaambia watu nini kuhusu msitu, kama baraza la kwetu limesimama juu ya muti wa kule?

Kwa hiyo nimechagua njia ya Emy: mikaratusi ya kupandwa, ikaushwe kivulini kiangazi chote, ifungwe kwa buloni, si kole. Haitafikia nguvu ya boriti ya gundi ya kweli, kwa hiyo naongeza nguzo moja katikati. Nguzo zitakaa juu ya jiwe, mbali na udongo na mchwa. Manjanja yatatokeza mbele, vichwa vya boriti visilowe, kama lubunga.

Wenye mashamba ya mikaratusi Fizi na Baraka, nawaomba: musikate yote ikiwa midogo kwa makala. Acheni mistari michache ikomae kwa mbao.

Mama ameniuliza neno moja tu: "Mwanangu, hii ya sasa itafika mvua ngapi?" Nimemwambia nitapanda kuikagua kila mwaka kabla ya mwezi wa tisa.