Zamu ya Sindano: Marekani, 1955

Tarehe 12 Aprili 1955, mjini Ann Arbor, Dk. Thomas Francis alipotangaza kwamba chanjo ya polio iliyobuniwa na Jonas Salk ni salama tena yafaa, kengele za makanisa zililia na wazazi wakatokwa na machozi ya furaha. Lakini haukupita muda pakazuka suala ambalo wakubwa wa serikali hawakuliwekea jibu: dawa ikiwa haba, nani atangulie?

Kuhusu watoto hapakuwa na hitilafu kubwa, kwani maradhi yale yaliwaandama wao zaidi, na jumuiya aliyoiasisi Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938, naye mwenyewe amepooza miguu tangu 1921, ilikuwa imekwisha kuagiza dawa ya wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili hata kabla matokeo hayajajulikana. Fedha zenyewe zilitoka mikononi mwa raia, akina mama wakipita nyumba hadi nyumba kukusanya senti kumi kumi. Na katika majaribio ya 1954 waliingizwa watoto wapatao 1,800,000, baadhi yao wakidungwa maji yasiyo na dawa. Aliyetoa senti zake, seuze aliyetoa mkono wa mwanawe, alijiona ana haki katika dawa ile, wala mimi sioni alikosea wapi.

Ugomvi ulikuwa juu ya baki ya dawa. Serikali ya Rais Eisenhower, kwa kuchelea kuingilia kazi za matabibu na biashara za watu, iliiacha iuzwe kama dawa nyingine yoyote, na mara zikavuma habari za magendo, na za watu wazima waliodungwa kwa kujuana na tabibu ilhali watoto wa jirani wangali wakingoja. Mwezi wa Mei washauri wa serikali walisema watangulie wenye umri wa miaka 5 hadi 9. Lakini hiyo ilikuwa rai, si sheria. Kanada hawakuyaona hayo, maana huko serikali ziliinunua dawa na kuigawa zenyewe.

Na ajabu ya mambo, baadhi ya waliotangulia ndio waliodhurika: dawa ya maabara ya Cutter ilikutwa na virusi hai, ikapoozesha watoto na kuua wengine; iliondolewa tarehe 27 Aprili.

Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii, Oveta Culp Hobby, aliwaambia maseneta kwamba hapana aliyeweza kubashiri wingi wa mahitaji ya umma, neno la kustaajabisha kwa nchi iliyokuwa ikiichangia dawa hiyo miaka 17. Julai alitangaza kujiuzulu. Agosti Bunge liliidhinisha dola milioni 30 za kuyasaidia majimbo kununua chanjo.