Mkono wa Scott Joplin umebaki kwenye matundu

Scott Joplin, Mmarekani mweusi anayeitwa mfalme wa ragtime, hakuacha hata sahani moja ya santuri. Alifariki New York tarehe 1 Aprili 1917. Hata hivyo ukitaka kumsikia akipiga, unaweza. Vipi? Kwa karatasi yenye matundu.

Piano inayojipiga haina miujiza. Unakanyaga pedali, mivukuto inafyonza hewa. Gombo la karatasi linapita juu ya kipande cha chuma chenye safu ya vitundu. Tundu la karatasi likikutana na la chuma, hewa inapenya, mtambo mdogo unashtuka na nyundo inagonga waya. Edwin Votey aliitengeneza Pianola yake mwaka 1895, na mwaka 1908 watengenezaji wa Marekani wakakubaliana kuhusu gombo la noti 88. Tangu hapo gombo la kiwanda hiki likapigika kwenye piano ya kiwanda kile.

Ragtime na mashine hii zilipatana mno. Mkono wa kushoto unatembea kama gwaride, wa kulia unaukwepa mdundo na kuudaka mbele. Ni kazi ngumu kwa anayejifunza, lakini karatasi haikosei wala haichoki! Nyumba isiyo na mpigaji hata mmoja ikaweza kucheza ragtime usiku kucha.

Na fedha je? Maple Leaf Rag ilipochapwa Sedalia, Missouri, mwaka 1899, mkataba ulimpa Joplin senti moja kwa kila nakala ya karatasi. Kwa magombo, sheria haikumpa kitu. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba gombo si nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kulisoma kama nota. Bunge likarekebisha mwaka 1909: senti 2 kwa kila gombo. Ila haki hiyo ilihusu nyimbo zilizotolewa baada ya sheria kuanza. Maple Leaf Rag ikabaki nje.

Ndipo mwaka 1916, akiwa tayari anaumwa kaswende iliyomshika ubongo, Joplin akakaa kupiga magombo machache. Sikiliza Maple Leaf Rag aliyopiga kwa Uni-Record: mdundo unayumba, na mkono wa kushoto unaongeza madoido yasiyomo kwenye nota. Wapo wanaosema ni ugonjwa. Wapo wanaolaumu mashine. Viwanda vilizoea kuhariri magombo, kusawazisha mapigo na kuongeza noti, kwa hiyo gombo lililonyooka sana laweza kuwa la fundi kuliko la mpigaji.

Mimi naona hilo linaloyumba ndilo la kusikiliza zaidi. Fundi angetaka kulinyoosha, angelinyoosha. Kujikwaa kule ndiko kunakotuambia kulikuwa na mtu pale.