Dhahabu na Vigae vya Unguja Ukuu

Mwaka 1865, katika ardhi ya Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa chetu, ilifukuliwa akiba ya sarafu za dhahabu. Moja kati ya hizo ilipigwa katika zama za dola ya Waabbasi, mwishoni mwa karne ya nane. Dhahabu ile ilivuta macho ya watu; vigae vya vyungu vilivyotapakaa pale pale havikumshughulisha mtu.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa historia yetu kwa muda mrefu: kilichotoka ng'ambo kiliokotwa, na kilichofinyangwa nyumbani kikakanyagwa. Wataalamu waliotangulia, akina James Kirkman na Neville Chittick, walifanya kazi kubwa ya kuchimbua miji ya pwani. Lakini waliitazama zaidi kuwa miji ya wageni waliokuja kwa majahazi wakaweka makao.

Tokea miaka ya 1980, uchimbuzi wa Mark Horton, na baadaye wa Mzanzibari mwenzetu Abdurahman Juma, umeshuka chini ya kuta za mawe mpaka tabaka za karne ya saba. Fukuchani, kaskazini mwa Unguja, yamepatikana mabaki ya udongo wenye alama za fito: zilikuwa nyumba za miti zilizokandikwa. Unguja Ukuu, vigae vilivyo vingi kabisa ni vya vyungu vya kienyeji, vilivyochorwa mistari na pembetatu kabla ya kuchomwa. Vyungu vya namna hiyo vimeonekana tangu Lamu hadi Msumbiji, na hata ndani ya bara. Kando yake vimo vyombo vya Ghuba ya Uajemi na vya Uchina, pamoja na shanga za kioo. Basi biashara ilikuwapo, na wageni walikuwapo. Ila walifikia katika mji wenye wenyewe.

Tunajivunia, na ni haki yetu, maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Lakini yalipochongwa, wafinyanzi wa Unguja Ukuu walikwisha kutangulia kwa karne kadhaa.

Tunawaomba walimu wawafikishe wanafunzi wao mahali hapo. Na mwanafunzi aonapo kigae, akiache kilipo. Kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kueleza kilitoka tabaka gani, na shahidi huyo hana mrithi.