Jinsi Mashine Zilivyofundishwa Kugundua Mashambulizi ya Vifaa Janja

Mbinu za kugundua mashambulizi ya mtandao zilianza kabla ya vifaa janja, yaani vifaa vya kila siku vilivyounganishwa na intaneti. Mwaka 1980 Mmarekani James P. Anderson alipendekeza kumbukumbu za matumizi ya kompyuta zichunguzwe ili kubaini wavamizi. Mwaka 1987 Dorothy Denning akachapisha mfumo unaojifunza mwenendo wa kawaida wa kila mtumiaji, kisha kutoa tahadhari mwenendo huo unapobadilika.

Katika miaka hiyohiyo, kanuni kama hiyo ililinda mifugo ya Kahama, Tanzania. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji vilivyoibuka huko na maeneo jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walizijua sura za watu na ng'ombe wa kijiji chao. Wizi ulipogunduliwa, yowe lilipigwa na vijiji jirani vikaungana kuwasaka wezi.

Kompyuta nayo huhitaji kufundishwa kilicho cha kawaida. Mwaka 1998 Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT ilirekodi mawasiliano halali na mashambulizi katika mtandao wa majaribio. Data hizo zikawa msingi wa mashindano ya uchimbaji data ya KDD ya 1999 na tafiti nyingi zilizofuata.

Vifaa janja vilileta udhaifu mpya. Kamera na ruta nyingi huachwa zikiwa na nywila za kiwandani, na uwezo wake mdogo hauruhusu kubeba programu nzito za ulinzi. Mwaka 2016 programu ya Mirai ilizitumia nywila hizo kuteka vifaa kwa maelfu na kuvigeuza silaha. Afrika haikusalimika: kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa njia hiyo.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, na wenzao walitoa data za N-BaIoT kutoka vifaa 9. Kila kifaa kilipewa modeli yake ya kompyuta, iliyofundishwa kwa mawasiliano yake halali pekee. Njia hiyo inafaa kwa sababu kifaa janja hufanya kazi chache zinazojirudia, hivyo badiliko huonekana mapema.

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na kituo cha TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hushughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Hata hivyo, sheria humwadhibu mhalifu baada ya kukamatwa. Kumgundua ni kazi nyingine. Ukanda wa Kahama na Geita, wenye migodi mikubwa kama Bulyanhulu, una mazingira yake ya umeme na mawasiliano. Modeli iliyofundishwa kwa data za ugenini pekee yaweza kuona hatari pasipo hatari na kupitwa na shambulio la kweli. Vyuo, migodi na halmashauri za ukanda huu hazina budi kushirikiana kukusanya data zao wenyewe.